Kioo cha laptopu kimepasuka: ubadilishe mwenyewe, umpe fundi, au uache?

Mwaka huu nyumbani kwetu vimekufa vioo viwili vya laptopu. Cha kwanza ni cha mdogo wangu wa kiume. Alifunga mashine huku kalamu imebaki juu ya kibodi, ukasikika mlio kama ganda la karanga linalopasuka, na alipofungua akakuta doa jeusi limetambaa kwenye kona kama wino uliomwagikia daftari. Cha pili ni cha dada yetu, mashine nyembamba ya kugusa, ile ambayo mfuniko wake hukunjwa mpaka mgongoni. Ilianguka kutoka kitandani.

"Kaka, twende Kariakoo au utabadilisha wewe?" Waliuliza swali moja, mimi nikatoa majibu mawili. Mashine ya mdogo wangu tuliifungua nyumbani, juu ya meza ya chakula. Ya dada ilikwenda kwa fundi. Ufundi wangu ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni mashine zenyewe.

Kwanza, ni kioo kweli?

Ufa na doa la wino havina mjadala. Ndani ya kioo kuna vigae viwili vyembamba vya glasi vilivyobana kimiminika katikati, na glasi ikishapasuka hakuna dawa ya kuirudisha. Lakini giza tupu ni habari nyingine. Zima taa ya chumbani, washa laptopu, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari. Ukiona picha kwa mbali, mfano wa kivuli, basi kioo kinachora vizuri ila taa yake ya nyuma haiwaki. Hapo mgonjwa anaweza kuwa taa hiyo, kebo, au fyuzi ndogo iliyo kwenye ubao mama, ule ambao mafundi wanauita mazabodi. Ukinunua kioo kipya kwa haraka unaweza kukifunga na giza likabaki palepale.

Mistari inayokuja na kupotea kila unapousogeza mfuniko mara nyingi ni kebo inayopita kwenye bawaba. Chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kurudufu picha. Televisheni ikionyesha picha safi, tatizo liko kwenye kioo au kebo yake. Mistari ikitokea hata kwenye televisheni, usinunue kioo, maana mara nyingi ugonjwa uko kwenye ubao mama. Wenye Dell wana njia ya mkato: laptopu ikiwa imezimwa, shikilia herufi D halafu bonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kitapitisha rangi moja baada ya nyingine bila kuisubiri Windows, na rangi zikiwa safi kioo hakina kosa.

Mwenyewe na fundi, ana kwa ana

Watu wengi hudhani wanapomlipa fundi wanalipia kazi ya mikono. Kwa laptopu ya kawaida yenye fremu ya plastiki, kazi yenyewe haitishi. Unazima, unachomoa chaja, unatenga betri. Unapitisha kadi ya zamani ya benki kati ya fremu na mfuniko mpaka vibanio viachie kimoja kimoja. Unafungua skrubu nne za kioo, unakilaza kifudifudi juu ya kibodi iliyotandikwa kitambaa laini, unabandua utepe unaoshikilia kebo, unaichomoa taratibu, unachomeka mpya. Anayefanya kwa mara ya kwanza ajipe saa nzima. Fundi mzoefu humaliza kabla chai yako haijapoa.

Kwa hiyo ukijifanyia mwenyewe, unachookoa kwenye ufundi pekee si kikubwa sana. Fedha inayookolewa zaidi iko kwenye faida ambayo fundi anaiweka juu ya kioo. Na katika faida hiyo kuna kitu ambacho hukioni kwenye hesabu: fundi akikipasua kioo kipya wakati wa kukifunga, hasara ni yake. Ukikipasua wewe, unarudi dukani kununua cha pili, na muuzaji atakuonea huruma tu. Mimi nauangalia uamuzi wote kwa jicho hilo. Swali si kama naweza kufungua skrubu, ni kama niko tayari kubeba hasara ya kioo kimoja.

Upande wa fundi nao una mambo yake. Kuna wanaoweka kioo kilichotolewa kwenye laptopu mbovu na kukuuzia kama kipya. Kuna wanaotoa kioo kizuri cha IPS, kile kinachoonekana vizuri hata ukikitazama kwa ubavu, na kuweka cha TN ambacho rangi zake hugeuka ukiinamisha kichwa kidogo. "Bosi wangu, hiki ni orijino kabisa," na wewe huna la kupinga kwa sababu hukujua ulichokuja nacho. Kuna pia wanaokaa na mashine siku tatu na kuomba nywila. Hiyo usitoe. Kujaribu kioo hakuhitaji nywila, ile nembo ya kampuni inayotokea wakati wa kuwaka na ukurasa wa kuingilia vinatosha kabisa kuonyesha kama kioo ni kizima.

Dawa ya yote hayo ni moja na haina gharama: kaa pale kwenye stuli mpaka amalize. Fundi anayekataa uketi karibu ana sababu zake, nawe mwachie sababu zake. Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi hutakosa mwingine.

Vituo vinavyotambuliwa na kampuni yenyewe navitaja kwa haraka. Kama laptopu yako bado iko kwenye dhamana, nenda huko kwanza, lakini ujue dhamana ya kawaida haifuniki kioo kilichopasuka kwa kuanguka au kukandamizwa. Utalipa, na bei yao huwa juu. Faida ni kwamba kioo kitakuwa kinacholingana na chako. Kwa mashine ya kazi ambayo ofisi inalipia, sioni sababu ya kwenda kwingine.

Kinachowashinda wengi ni kununua

Nimeona watu wenye mikono mizuri wakishindwa hata kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu walinunua kioo kwa jina la laptopu. "Nataka kioo cha HP inchi 15.6." Laptopu ya jina moja, hata ya namba moja ya modeli, inaweza kutoka kiwandani ikiwa na kioo cha aina mbili au tatu tofauti. Jina la kioo halipo kwenye mfuniko. Liko mgongoni mwa kioo chenyewe, kwenye lebo, na ili uisome ni lazima ukifungue. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayetaka kufanya mwenyewe ni afungue kwanza, apige picha lebo na soketi, ndipo aende dukani. Tena abebe kile kibovu mkononi.

Lebo hiyo inasomeka ukiizoea. Watengenezaji wa vioo ni wachache: herufi za mwanzo LP ni LG, NT na NV ni BOE, LTN ni Samsung, B ikifuatwa na tarakimu mara nyingi ni AUO, na N ikifuatwa na tarakimu ni Innolux. Tarakimu tatu zinazofuata ni ukubwa: 156 ni inchi 15.6, 140 ni inchi 14, 133 ni inchi 13.3. Baada ya hapo huja ubora wa picha. NT156WHM ni cha pikseli, yaani doti za picha, 1366 kwa 768. NV156FHM ni cha 1920 kwa 1080, tena cha IPS. Idadi ya pikseli inakaribia kuwa maradufu, na macho yanaiona tofauti siku hiyohiyo.

Kisha hesabu pini za soketi. Laptopu za zamani, mfano ThinkPad T420 na T430, zinatumia soketi ya pini 40 ya LVDS, mfumo wa zamani wa kupeleka picha kwenye kioo. Za baadaye, kuanzia zama za T440, nyingi zinatumia pini 30 za eDP, mfumo uliochukua nafasi yake. Hapa ndipo mtego ulipo: pini 40 zimerudi tena, safari hii ndani ya eDP, kwenye vioo vya kugusa, vya laptopu za michezo vinavyobadilisha picha mara 144 kwa sekunde (144 Hz), na vya ubora wa juu sana. Kwa hiyo "pini 40" peke yake haitoshi kukuambia kitu. ThinkPad T480 ya kioo cha kawaida ina pini 30, na T480 ya kioo cha kugusa ina 40, nazo ukiziweka mezani ni kama pacha.

Mwisho, angalia masikio. Vioo vya miaka ya nyuma vina vibati vyenye matundu ya skrubu, vingine juu na chini, vingine ubavuni. Vipya vingi havina masikio kabisa. Vinashikwa na utepe wa gundi unaovutika, kama ule wa chini ya betri ya simu, na ni vyembamba zaidi kwa upana: cha inchi 15.6 kisicho na masikio kina milimita 350 hivi, cha zamani kinafika 360. Kisipoenea kwenye mfuniko hakuna ujanja. Usijaribu kukikata.

Je, inawezekana kutoa cha 1366 na kuweka cha 1920 kwa kuwa umeshafungua? Mara nyingi inawezekana kama vyote ni eDP ya pini 30, lakini kebo ndiyo mwamuzi. Kioo cha ubora wa chini huhitaji njia moja ya data, cha juu huhitaji mbili, na baadhi ya kampuni zimeokoa senti kwa kuweka kebo yenye njia moja tu. Ukikutana na kebo hiyo utapata kioo kizuri cheusi. Muulize muuzaji kama anakubali kukijaribu kwenye mashine yako palepale kaunta.

Hilo la kaunta ndilo linalonifanya nichague duka la Kariakoo kuliko kuagiza nje kwa mtandao, hata ninapojifungia mwenyewe. Kuagiza kuna bei nzuri, na kwa modeli adimu huenda ukawa huna njia nyingine. Lakini ni glasi nyembamba inayosafiri wiki kadhaa ndani ya mabegi ya watu wengine. Ikifika imepasuka, utapiga picha, utaandika malalamiko, utasubiri. Dukani wanachomeka, wanawasha, unatazama kama kuna doti iliyokufa, unalipa. Ile nailoni ya kulinda uso wa kioo usiibandue mpaka umeridhika, kwa sababu ukishaibandua maduka mengi hayarudishi.

Na kioo kilichotumika? Kwa laptopu ya zamani nakubali, kwa sharti kwamba nimekiona kikiwaka kwa rangi nyeupe tupu. Nyeupe haifichi: alama za kukandamizwa, kona zenye kivuli, umanjano wa taa iliyochoka, vyote vinajitokeza. Kwa mashine utakayokaa nayo miaka mitatu, ongeza hela uchukue kipya.

Mashine ya kufungua na mashine ya kuacha

Laptopu za maofisini zilizotumika, ambazo masoko yetu yamejaa, ni rafiki wa anayejifunza: ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Lenovo, HP na Dell hutoa bure mtandaoni vitabu vya matengenezo vinavyoonyesha skrubu moja moja, na tovuti ya iFixit ina picha za hatua kwa hatua. Kwenye T480 kuna hata chaguo ndani ya BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, la kuzima betri ya ndani kabla hujafungua, jambo ambalo laiti kila kampuni ingeiga.

Nalisema hili kwa uchungu. Zamani nilibadilisha kioo cha laptopu yenye betri ya ndani, nikachomoa chaja nikadhani nimemaliza. Nilipochomoa kebo ya kioo, umeme wa taa ya nyuma ulikuwa bado unangoja. Kioo kipya kikaonyesha picha kwa tochi tu. Nilikuwa nimeunguza fyuzi ya ubao mama, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, na fundi wa kuchomelea akanitoza kuliko vile ambavyo angenitoza kubadilisha kioo chenyewe. Tangu siku hiyo, hata kama betri iko chini ya mfuniko wenye skrubu kumi, nafungua zote kumi kwanza.

Sasa zile za kuacha. Kwenye laptopu za kukunjwa na nyingi za kugusa, glasi ya juu imegandishwa na kioo cha picha kuwa kipande kimoja. Unaweza kununua kioo cha ndani peke yake kwa bei nafuu, lakini kutenganisha na kugandisha upya kunataka joto lililopimwa, gundi maalumu na chumba kisicho na vumbi. Unyoya mmoja ukiingia utautazama kila siku. Hizo zinabadilishwa pamoja na glasi yake, na bei ya kipande hicho inaweza kuwa mara kadhaa ya kioo cha kawaida. Kumbuka kipimo changu cha hasara: kioo ghali kama hicho sitaki kipasukie mkononi mwangu.

MacBook ni ndugu wa hizo, tena mkali zaidi. Kwa kawaida hubadilishwa mfuniko mzima, na chini ya mashine kuna skrubu zenye ncha tano ambazo bisibisi ya nyumbani haizifungui. Nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno, kiasi kwamba mwaka 2020 Apple yenyewe iliwaonya watu wasifunge MacBook ikiwa na kile kibandiko cha kuziba kamera, kwa kuwa kinaweza kuipasua. Kama una kibandiko hicho na bado hujapata ajali, una bahati. Kitoe.

Kuacha kama ilivyo

Kama laptopu haitoki mezani, monita ya kutumika au televisheni ya nyumbani inaweza kumaliza kesi. Weka mpangilio wa kufunga mfuniko usiizimishe mashine, chomeka HDMI, ongeza kibodi na kipanya. Wengine hukitoa kabisa kioo kibovu wakabaki na kibodi yenye bandari za waya, na inafanya kazi.

Ila umeme ukikatika, betri ya laptopu inaendelea na monita inazima, nawe umekaa mbele ya mashine iliyo hai usiyoiona. Jifunze kuhifadhi kazi kwa Ctrl na S kila baada ya sentensi mbili. Na kwa mwanafunzi anayehama kati ya bweni na maktaba, njia hii haifai hata kidogo.

Mwisho kuna hesabu ya kuachana nayo. Mimi huuliza bei mbili dukani siku moja: kioo pamoja na ufundi, na laptopu kama yangu iliyotumika. Tuseme kioo ni 150,000 na laptopu kama hiyo ni 400,000, nabadilisha. Ikiwa kioo ni 250,000 kwa laptopu hiyohiyo, natoa diski yangu, nauza mwili kama spea na kuongezea hela. Nusu ya thamani ndio mpaka wangu. Mwingine anaweza kuuweka juu zaidi, hasa kama betri na bawaba bado ni nzima, kwa maana laptopu ya kutumika utakayonunua inaweza kuja na magonjwa ambayo hujayajua, na yako unayajua.

Ya mdogo wangu ilikuwa na fremu ya plastiki, kioo cha NT156WHM, pini 30, masikio juu na chini. Tulinunua Kariakoo, tukakijaribu kaunta, tukakifunga jioni ileile. Mara ya kwanza kiliwaka cheupe tupu, bila picha. Kijana akashika kichwa. Tukazima, tukatenga betri tena, tukaichomoa kebo na kuirudisha ikiwa imenyooka hadi mwisho wa soketi, utepe juu yake, na nembo ikatokea. Hilo hutokea sana, lisikukimbize dukani kugombana.

Ya dada niliipeleka kwa fundi aliyekuwa na kipande kizima cha mashine hiyo, pamoja na glasi. Nilimpa picha ya lebo kabla hajanitajia bei. Akaitazama, akanitazama mimi, akavuta stuli ya pili.

"Karibu ukae, kaka."